Alhamisi ya Mwandishi wa Pili

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili jina langu liliposomwa kanisani kwa mara ya kwanza katika matangazo ya ndoa, pamoja na la mchumba wangu. Dada yangu Muriel, aliyeketi pembeni yangu, alicheka kimyakimya mpaka kitabu cha nyimbo kikamponyoka.

"Unatangazwa kama kigoli," alininong'oneza. "Halafu koti lako lina gundi mgongoni."

Gundi hiyo ilikuwa ya Gilbert. Gilbert Ormerod alikuwa fundi wa kukarabati vitabu vya kale katika maktaba ya kanisa kuu la mji wetu, na chochote alichokishika kilibaki na alama ya ile gundi yake ya unga wa ngano. Koti langu, mlango wa gari langu, hata shavu langu siku nyingine. Sikujali. Nilikaa kwenye benchi lile nikiwa na furaha ya kipumbavu, nikisikiliza jina langu likisomwa karibu na la kwake.

Hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili Muriel hakucheka.

Ilikuwa Februari, mvua imeshinda inapiga madirisha, na mabomba ya joto yanagonga kama kawaida yake. Kasisi Prudence alivaa miwani yake akasoma.

"Natangaza ndoa kati ya Gilbert Ormerod, mgane, na Winifred Thackray, ambaye hajawahi kuolewa, wote wa parokia hii. Ninauliza kwa mara ya pili. Kama yuko yeyote kati yenu anayejua sababu ya kuwazuia hawa wawili wasifunge ndoa, na aiseme."

Hapo huwa pana kimya kifupi. Watu hukohoa, kasisi hufunua ukurasa, ibada inaendelea. Safari hii ukurasa haukufunuliwa.

"Mimi ninayo," sauti ilisema kutoka nyuma.

Niliitambua kabla sijageuka. Alikuwa Bryony, binti pekee wa Gilbert. Alikuwa amesimama karibu na mlango, nywele zimelowa, mkononi ameshika jarida la kanisa kuu lililokunjwa. Nilikuwa nimemfahamu tangu ana miaka tisa. Nilikula kwao Jumapili nyingi zaidi ya nilizokula kwangu. Mama yake, Judith, alikuwa akinipa mifupa ya kuku nikatengenezee supu kwa sababu alidai nitakufa njaa na miswada yangu ya kale. Bryony aliniita Shangazi Win.

"Bryony, mwanangu," kasisi alisema kwa upole, "sababu tunazoziuliza hapa ni za kisheria. Tuonane sakristia baada ya ibada."

"Sawa. Nitasubiri."

Akasubiri kweli. Hakuketi. Alisimama pale mlangoni ibada nzima, na shingo yangu ikahisi macho yake mpaka baraka ya mwisho. Gilbert, upande wangu wa kulia, alikuwa ameushika mkono wangu. Wakati wa wimbo wa tatu aliuachia.

Sakristia ilikuwa na baridi na harufu ya mishumaa iliyozimwa. Tulikuwa wanne tu: kasisi, Gilbert, Bryony na mimi. Nilitangulia kusema, kwa kuwa nilidhani najua shida iko wapi.

"Bryony, mpenzi, kama ni mapema mno kwako baada ya mama yako, mbona hukuniambia? Tungengoja."

"Sikuja kuzungumzia mapema, Profesa."

"Tangu lini mimi ni Profesa kwako?"

"Tangu Ijumaa. Niliposoma hiki."

Alilikunjua lile jarida juu ya meza. Lilikuwa limechapa mhadhara niliotoa mwezi uliotangulia mbele ya marafiki wa maktaba. Ulihusu kitabu kimoja kidogo cha sala, cha miaka ya 1480 hivi, kurasa za ngozi ya ndama, ambacho nimekisoma kwa miaka kumi na minane. Kilitumiwa na masista wa nyumba moja ya watawa iliyobomolewa zamani. Wasomi wote waliotangulia walisema kiliandikwa na padre mmoja, mwanamume. Mimi nilishikilia kwamba mahali fulani katikati mwandiko unabadilika, kwamba kuna mwandishi wa pili, na kwamba huyo wa pili ni mmoja wa masista wenyewe. Walinicheka kwa miaka mingi, wengine kwa maandishi. Mpaka siku ile Gilbert alipoleta taa yake ya mwanga wa zambarau, ile inayofichua wino uliofutwa, tukaona, chini ya mstari uliokwanguliwa kwa kisu, maneno haya: *Asomaye aniombee, mimi Alys niliyeandika.*

"Nisome?" Bryony aliuliza. Hakungoja jibu. "'Ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, miaka miwili iliyopita, saa nane mchana. Sitaisahau siku hiyo maisha yangu yote. Gilbert Ormerod alikuwa ameshika taa tangu saa sita bila kuchoka, na jina la Alys lilipojitokeza tulikumbatiana tukacheka kama watoto.'"

Alilaza kiganja chake juu ya ukurasa.

"Alhamisi ya tatu ya Novemba ni siku aliyokufa mama yangu."

"Najua," nilisema. "Alifariki jioni. Nilikuja nyumbani kwenu usiku wake, Bryony, nilikuletea—"

"Nani alikwambia jioni?"

Aliyeniambia alikuwa Gilbert.

"Alifariki saa nane na robo mchana. Nilikuwa peke yangu. Alimwita Baba tangu saa saba. 'Gil yuko wapi, Gil yuko wapi.' Nikampigia Baba mara kumi na moja. Nikamwambia Mama anakuja, anapanda ngazi, anaegesha gari. Mpaka leo nazisikia zile ngazi nilizomdanganya nazo." Hakulia. "Baba alifika saa kumi. Akaniambia lori lilipinduka, barabara ilifungwa. Nikamwonea huruma! Miaka miwili na zaidi namwonea huruma kwa sababu ya lori!"

Niligeuka kumtazama Gilbert. Nilitaka aseme kwamba tarehe imekosewa, kwamba mimi nimechanganya wiki. Alikuwa anaitazama mikono yake.

"Gilbert," nilisema. "Uliniambia amelala. Nilikuuliza kwenye simu, ukasema amelala na leo ni afadhali."

Alianza kubandua gundi iliyokaukia kidoleni.

"Gilbert, mjibu," kasisi alisema kwa sauti ya chini.

"Hakukuwa na lori," Gilbert alisema. Basi, hayo tu.

Bryony alilichukua jarida lake akalikunja polepole. Kisha akaniangalia mimi, na nilitamani angenipiga.

"Miaka yote unatuambia kuhusu watu waliokuwa wakikwangua majina ya wenzao kwenye vitabu vya sala na kuandika ya kwao. Mama alikuwa akipenda sana hadithi zako hizo. Sasa hongera, Profesa. Umemkwangua vizuri."

Aliondoka. Mlango wa sakristia ni mzito, haufungiki kwa kishindo hata ukiuvuta kwa hasira. Ulijifunga taratibu nyuma yake.

Siku ile sikuzungumza na Gilbert. Muriel alinipeleka nyumbani kwa gari lake, akanitengenezea chai, akakaa mbele yangu bila kunitania hata mara moja. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Jumatatu mchana nilikwenda karakanani kwake. Iko orofa ya juu ya maktaba, ngazi arobaini na tatu za mawe, chumba cheupe chenye dirisha kubwa linaloangalia kaskazini. Alikuwa amevaa aproni lakini hakuwa anafanya kazi. Brashi ilikuwa imekauka ndani ya sufuria ya gundi, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nimjue.

"Ulilala?" aliniuliza.

"Hapana. Nieleze kuanzia asubuhi. Usiruke kitu."

Akanieleza akiwa amesimama, kama mtu anayesomewa mashtaka.

Asubuhi ile muuguzi alimwambia, usiende mbali leo. Alielewa maana yake. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, kiti kilekile alichokikalia miezi saba. Bryony alikuwa amekwenda kuoga na kubadili nguo. Judith alikuwa anapumua kwa shida. Saa tano na nusu simu ya Gilbert ikalia, na aliyepiga nilikuwa mimi.

"Ulikuwa unapiga kelele kwa furaha," alisema. "'Gilbert, lete taa, herufi zimebadilika, sijakosea, njoo!' Halafu ukashtuka, ukauliza, Judith yukoje."

"Na ukasema uongo."

"Ningesema kweli ungenikataza nisije."

"Bila shaka ningekukataza!"

"Ndiyo." Alijipangusa uso kwa viganja. "Nilitaka saa moja, Win. Saa moja tu ya kuwa mtu ambaye mkewe hafi. Bryony akarudi, nikamwambia natoka kidogo. Simu nikaiacha kwenye kabati la chini, kama sheria ya chumba cha kusomea inavyotaka. Nilijua ninachokifanya. Saa moja ikawa mbili. Halafu lile jina likatokea, ukalisoma, ukaanza kulia na kucheka pamoja, ukanikumbatia. Nilikutazama nikajua kwamba nakupenda. Na wakati uleule nikajua kwamba nimechelewa."

"Wakati uleule."

"Uleule."

Nilikaa kwenye kigoda chake. Mara ngapi nilikuwa nimemuuliza, kwa deko la mtu anayependwa uzeeni, ulianza kunipenda lini? Kila mara alinijibu kwa mzaha. Siku ulipomkaripia askofu kwa kugusa mswada kwa vidole vyenye siagi, alikuwa akisema, na mimi nacheka, namwomba anisimulie tena.

"Mhadhara wangu uliusoma," nilisema.

"Win—"

"Ulikaa pale kwenye meza ya jikoni kwangu, ukausoma wote. Ulinisahihishia tahajia, Gilbert. Ule mstari wa Alhamisi uliupita na kalamu mkononi. Ungeniambia tu, toa siku. Nisingeuliza sababu."

"Nilidhani hakuna atakayekumbuka."

"Hata binti yako?"

Aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba fundo la aproni nyuma lilifungwa ovyo, kama la mtoto. Mikono yangu ilitaka kulifunga upya. Niliibana katikati ya magoti yangu.

"Mwaka na nusu tumekuwa pamoja," nilisema. "Tumetembea kila njia ya mto ule. Ulikuwa na kila nafasi. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu ungefanya hivi unavyofanya sasa."

"Ninafanya nini sasa?"

"Unaniaga."

Alisema hivyo bila kugeuka, na nikagundua kwamba ni kweli. Nilikuwa nimepanda ngazi zile nikijiambia nakwenda kusikiliza tu.

"Nisamehe," alisema. Sasa aligeuka, akanijia, akapiga magoti mbele ya kigoda, mtu wa miaka hamsini na minane mwenye goti bovu. "Tuahirishe harusi. Mwaka mmoja, miwili, utakavyo. Tusioane kabisa, tukae hivihivi. Usiondoke tu."

"Nimeshakusamehe," nilisema. "Ndilo linaloniumiza. Ningekuwa na hasira ningekupigia kelele, ningekutupia hiyo sufuria, halafu tungekwenda kula. Sina hasira. Ninajua ile saa moja uliyoitaka. Ningekuwa mimi kwenye kiti kile, labda ningeitaka pia."

"Basi kwa nini?"

"Kwa sababu ile ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote maishani mwangu. Unanielewa? Sikuzaa, sikuolewa, nilikuwa na siku moja tu, nayo ni ile. Na mwanamke aliyekuwa akinifungia mifupa ya supu alikuwa anakuita, wewe ukiwa umenishikia taa. Nikikuangalia sasa hivi, hapa, na ninakupenda Mungu anisaidie, ninamsikia Bryony akimwambia mama yake kwamba unapanda ngazi."

Aliuweka uso wake mapajani mwangu. Nilimshika kichwa. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuwa nyepesi utosini na zilinukia unga. Kengele ya kanisa kuu iligonga mara moja, na baadaye ikagonga tena.

"Umemwomba Bryony msamaha?" nilimuuliza.

"Hapokei simu."

"Usipige simu. Leeds ni saa moja kwa treni. Nenda ukakae kwenye ngazi za nyumba yake mpaka afungue. Na umweleze kama ulivyonieleza mimi, usiruke kitu. Hata sehemu inayonihusu."

"Atanichukia."

"Anakuchukia sasa. Angalau akuchukie kwa kitu cha kweli."

"Na nikirudi? Nikirudi nimemaliza, utakuwepo?"

Nilimtazama sana. Macho yake ni ya kijivu, na lile la kushoto lina doa la kahawia karibu na pembe, ambalo mtu haoni mpaka awe karibu kama nilivyokuwa mimi.

"Hapana, Gil," nilisema. Sikuwahi kumwita hivyo. Ni Judith aliyemwita hivyo, na lilinitoka bila kukusudia. Sote wawili tulilisikia.

Niliinuka. Alijaribu kunivalisha koti kama kawaida yake, lakini mikono yake ilishindwa kulipata tundu la mkono, nikalichukua nikatoka nalo kwapani. Ngazi zote arobaini na tatu nilizishuka huku nikijishikilia ukutani. Chini, mlinzi wa maktaba aliniuliza kama mvua imekatika. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa inanyesha.

Gilbert alikwenda Leeds siku ileile. Nilijua hayo baadaye, na si kutoka kwake.

Wiki zilipita. Nilifundisha, nilisahihisha insha, nilimwandikia mchapishaji kwamba sura ya saba itachelewa. Muriel alihamia kwangu bila kuombwa, akaleta paka wake. Nilikuwa nikienda maktaba siku za Jumamosi tu, kwa kuwa Jumamosi karakana hufungwa.

Mwezi wa nne, Jumamosi moja asubuhi, nilikuwa naingia chumba cha kusomea nikamkuta Bryony kwenye benchi la ukumbini. Alikuwa amekonda. Alisimama aliponiona, kisha akaonekana kujuta kwamba amesimama.

"Sikai," alisema. "Baba amepata kazi Bergen, ng'ambo ya bahari, kwenye maktaba ya huko. Anaondoka leo. Treni yake ni saa nne na nusu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika tano. Stesheni ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

"Amekutuma?"

"Hajui kama niko hapa. Alisema nisikusumbue." Alivuta mkono wa sweta lake mpaka ukafunika vidole. "Alikuja kwangu, ile Jumatatu. Alikaa nje saa nne nzima. Aliniambia yote. Aliniambia pia kwamba ni wewe uliyemtuma."

"Na wewe umemsamehe?"

"Bado. Lakini tunakula pamoja. Anapika vibaya mno."

Akageuka kuitazama ile saa ya ukutani.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," alisema. "Uniambie kweli. Siku ile, ulipompigia simu. Hukujua kabisa?"

"Sikujua, Bryony. Naapa. Ningejua ningekuja mwenyewe kukaa na mama yako."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza mbele yangu tangu mazishi.

"Ndivyo nilivyodhani," alisema. "Kama ungekuwa unajua, ingekuwa rahisi kwangu. Nimejaribu sana kukuchukia, Shangazi Win. Nimejaribu mno."

Nilinyoosha mkono. Hakuushika, lakini hakurudi nyuma. Tulisimama hivyo, mkono wangu ukiwa hewani kati yetu, mpaka akaufuta uso wake kwa sweta.

"Hajaacha kukupenda," alisema. "Sitaki uende. Lakini nikinyamaza nami nitakuwa nimedanganya. Kwa hiyo nimekwambia."

"Ahsante, mpenzi."

"Saa nne na nusu," alirudia, akatoka nje kwenye jua.

Niliweka koti langu na simu yangu kwenye kabati, nikafunga kwa ufunguo. Nilinawa mikono kama sheria inavyotaka. Mtunza maktaba aliniletea kile kitabu kidogo, akakilaza juu ya mto wake, nikakifungua mahali Sista Alys anapoanza kuandika, penye herufi ndefu zenye mikia inayoinamia kushoto. Kazi niliyojipangia asubuhi hiyo ilikuwa nyepesi, kazi ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: kuhesabu mistari ya ukurasa na kuiandika kwenye daftari.

Kengele ya kanisa kuu ilianza kugonga saa nne na nusu. Nilihesabu mistari ile mara tatu, kwa kidole, bila kuigusa ngozi, na kila mara nikapata idadi nyingine.